Visikilizi vya miwani ya VR vinasikika vibaya? Anzia kwenye sikio lako

Jumapili moja mpwa wangu alinijia na miwani yake ya VR, ile inayofunika macho na kukuingiza ndani ya gemu, aina ya Quest 3, visikilizi vimeviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki kama dagaa. "Shikamoo mjomba. Hivi vimekufa. Besi hamna, halafu upande wa kushoto ni kama mtu anaongea akiwa chooni." Alikuwa ameshachagua vingine vya bei mara tatu, anasubiri baraka zangu tu. Tulivimaliza kwa robo saa na hakununua kitu. Mipira ya sikioni ilikuwa midogo kuliko sikio lake, na wavu wa kushoto ulikuwa umezibwa na nta.

Visikilizi, au iafoni kama wanavyosema dukani, ndivyo hulaumiwa kwanza. Kwa uzoefu wangu vingelaumiwa mwisho. Kati ya gemu na ubongo wako kuna programu ya gemu, mipangilio ya miwani, tundu, pini, waya, kiwambo kidogo kinachotikisika, mpira, kisha sikio lenyewe. Kiungo chochote hapo kikilegea, unachosikia ni kile kile: "sauti mbaya."

Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Ukisikiliza muziki swali ni kama sauti ni tamu. Ukivaa miwani ya VR swali ni kama sauti iko mahali pake. Nimewahi kusikia visikilizi vyenye besi ya kutikisa meno ambavyo ndani ya gemu havikufaa kitu, kwa sababu huwezi kujua nyayo zinatoka mlangoni au dirishani.

Kabla ya kugusa chochote

Fanya mabadilishano mawili. Chukua visikilizi vinavyoshukiwa uvichomeke kwenye simu, upige wimbo unaoujua. Kisha chukua visikilizi vingine ambavyo una hakika ni vizima, hata vya bei ya chini, uvichomeke kwenye miwani. Tatizo likihama na visikilizi, ni la visikilizi. Likibaki kwenye miwani, weka visikilizi mezani uende kwenye mipangilio. Likitokea kwenye gemu moja tu, basi ni la gemu hilo, usivunje kichwa.

Kwa kupima mimi natumia sauti tatu. Ya kwanza ni mtu mmoja anayesoma taarifa ya habari, kwa sababu sote tunajua sauti ya binadamu inavyopaswa kuwa na huwezi kudanganywa. Ya pili ni rekodi nzuri ya taarabu ya orkestra: ganuni inachomoa sauti za juu, fidla zimejipanga, besi kubwa la nyuzi liko chini, dumbak inagonga katikati. Kila mmoja ana kiti chake, na visikilizi vibovu huwarundika wote mlangoni. Ya tatu ni mahali fulani ndani ya gemu penye chanzo kimoja cha sauti kisichohama, kama redio mezani, moto wa kuni au maji yanayoanguka.

Na ukilinganisha visikilizi viwili, visawazishe kwanza vilie kwa nguvu sawa. Kinacholia kwa nguvu zaidi, hata kwa desibeli moja au mbili, sikio hukiita kizuri zaidi. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Besi imepotea, sauti nyembamba kama ya redio ya mkulima

Mara nyingi hapa hakuna kitu kilichoharibika. Kisikilizi kinachoingia sikioni kinategemea kuziba tundu la sikio. Kukiwa na upenyo, hata wa unywele, sauti nzito hutoroka kupitia hapo na zile nyembamba hubaki. Jipime hivi: piga wimbo wenye besi, kisha sukuma visikilizi ndani taratibu kwa vidole. Besi ikirudi ghafla, umepata jibu: mpira haukutoshi.

Jaribu ukubwa mwingine, na usishangae sikio la kulia likitaka mpira mkubwa kuliko la kushoto. Masikio ya mtu hayafanani. Wakati wa kuvaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ili tundu linyooke, ndipo usukume. Mipira ya sponji hubanwa kwanza kwa vidole, ikaingizwa, ikashikiliwa kwa nusu dakika ikivimba. Ukiiachia mapema itajitoa yenyewe.

VR ina matata yake hapa. Unavaa visikilizi kwanza, halafu unavuta mkanda wa miwani kichwani, na mkanda unapita palepale juu ya sikio. Ukiupitisha tu, umeshakisogeza kisikilizi. Vaa miwani kwanza, ikaze, ndipo uweke visikilizi. Kwa wanaotumia hedifoni kubwa za kufunika sikio, mikono ya plastiki ya miwani huinua mto wa hedifoni na kuacha pengo pembeni. Ukivaa na miwani ya macho ndani yake, mapengo yanakuwa mawili. Hedifoni ya bei mbaya inaweza kupoteza besi yake yote kwa pengo hilo, ikashindwa na visikilizi vya kawaida vilivyokaa vizuri.

Ukiwa umeziba vizuri na besi bado hamna, angalia kama kuna kisawazisha sauti (equalizer) kilichowashwa kwenye programu ya visikilizi au kwenye kompyuta. Na kama sauti ni nyembamba na pia pana kupita kiasi, haijulikani inatoka wapi, ruka hadi sehemu ya mwimbaji aliyepotea.

Upande mmoja uko chini

Badilisha masikio kwanza: cha kushoto kivae kulia. Udhaifu ukihama na kisikilizi, kisikilizi kina tatizo. Ukibaki sikio lile lile, ni sikio, na hapo daktari ana kazi kuliko fundi. Usicheke, hutokea, hasa baada ya mafua au kuogelea.

Kisikilizi chenye tatizo kitazame mdomoni kwa tochi ya simu. Nta hukauka kwenye wavu na kuziba taratibu, ndiyo maana mtu hajui ilianza lini. Toa mpira, geuza mdomo wa kisikilizi utazame chini, safisha kwa brashi laini kavu ya meno. Chini, nasisitiza, ili uchafu uanguke nje na usisukumwe ndani. Usitumie sindano, wala usimimine spiriti. Waya wa ndani na kiwambo havipendi vyote viwili.

Kama wavu ni safi, cheza na waya. Upige muziki, upinde polepole karibu na pini, kisha mahali unapogawanyika, kisha karibu na kisikilizi. Sauti ikikatika na kurudi mahali fulani, waya umekatika hapo ndani. Na kabla ya kuita fundi, ingia kwenye mipangilio ya ufikivu (accessibility) ya miwani uone kama mizani ya kushoto na kulia imesogezwa. Nyumba yenye watoto, mipangilio husogea.

Muziki upo, mwimbaji hayupo

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, maana inachanganya hata watu wazoefu. Ala zinasikika, mwangwi upo, lakini sauti ya mwimbaji imeyeyuka kama vile umeweka wimbo wa karaoke. Ndani ya gemu inatisha zaidi: vitu vya pembeni unavisikia, ila adui aliye mbele yako kabisa humsikii.

Sababu iko kwenye pini. Pini ya milimita 3.5 yenye pete tatu nyeusi ina sehemu nne: kushoto, kulia, njia ya pamoja ya kurudisha umeme, na maikrofoni. Njia ya pamoja isiposhika vizuri, umeme wa kushoto hukosa pa kurudia na kupitia kiwambo cha kulia. Matokeo yake unasikia tofauti tu kati ya pande mbili. Chochote kilicho sawa pande zote mbili hujifuta, na kilicho sawa ni kipi? Mwimbaji, ngoma kubwa, besi, na kila sauti inayotoka mbele ya pua yako.

Sukuma pini mpaka ikae kabisa. Kama miwani ina kava la silikoni, livue, kwani kava nene huzuia pini isifike mwisho na tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu. Kama umeunganisha waya wa kurefusha au kigawanyishi, kitoe. Halafu kuna visikilizi vya zamani vilivyofuata mpangilio wa OMTP, ambao maikrofoni na njia ya pamoja zimebadilishana nafasi ikilinganishwa na CTIA inayotumika karibu kila mahali leo. Kisikilizi cha namna hiyo si kibovu. Kinahitaji kibadilishi kidogo tu.

Ndugu wa karibu wa tatizo hili hutokea baada ya ukarabati: fundi ameunganisha nyaya za upande mmoja kinyume. Kiwambo kimoja kinasukuma hewa wakati kingine kinavuta. Msikilize msomaji wa habari. Kama sauti yake haikai katikati ya kichwa, bali imesambaa huku na huku bila makao, rudisha kwa fundi na umwambie ageuze nyaya mbili za upande aliougusa. Waya wa kushoto na wa kulia ukiugeuza wote, utakuwa umerudi ulipoanzia.

Sauti haikai mahali pake

Hapa ndipo visikilizi vya VR huhukumiwa kweli, kwa hiyo tukae kidogo.

Sauti ikitoka kulia, hufika sikio la kulia kwanza na la kushoto baadaye, tofauti isiyozidi sana sehemu 7 za kila 10,000 za sekunde. Kichwa nacho huweka kivuli, hivyo sikio la mbali hupata sauti za juu zikiwa zimefifia. Kujua juu na chini, mbele na nyuma, ubongo hutegemea mikunjo ya sikio la nje, inayobadilisha sauti kali za juu, kuanzia kama hezi 5,000 kwenda juu. Programu ya gemu hufanya hesabu hizo zote badala ya mikunjo yako, kwa kutumia vipimo vya kichwa na masikio ya wastani. Kazi ya kisikilizi ni kufikisha hesabu hiyo bila kuiongezea chumvi.

Kipimo changu ni hiki. Simama karibu na ile redio ya mezani ndani ya gemu. Funga macho, zunguka mara kadhaa, kisha geuka polepole mpaka uamini unaitazama. Fumbua. Rudia mara tano. Katika maisha ya kawaida mtu hutofautisha sauti za mbele zilizoachana kwa nyuzi 1 tu. Kwenye VR usidai hivyo, ila ukikosea kila mara kwa upande ule ule, au kwa robo ya duara, kuna kitu.

Kama redio inazunguka pamoja na kichwa chako, yaani ukigeuka nayo inageuka, angalia kwanza ulichokuwa ukisikiliza. Muziki wa nyuma na video nyingi za kawaida hutengenezwa zishikamane na kichwa. Lakini kama ni sauti ya kitu kinachoonekana, tafuta mpangilio wa sauti ya mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili, uuzime. Mono huua mwelekeo wote, na wengi huiwasha siku upande mmoja ulipokufa, wakasahau.

Kama ukiigeukia sauti inakukimbia, umevaa kushoto kulia. Inaonekana jambo la kitoto, ila visikilizi vingi vya bei rahisi vina herufi ndogo zisizosomeka, na ukishavaa miwani huoni kitu. Mimi nimefunga uzi mwekundu upande wa kulia. Kwenye muziki unaweza kuishi mwaka mzima bila kujua umegeuza. Kwenye VR utajua ndani ya dakika moja, au utapata kizunguzungu bila kujua kwa nini.

Mbele na nyuma kuchanganyika ni hali ya kawaida ukisimama kama mlingoti, kwa sababu kitu kilicho mbele kabisa na kilicho nyuma kabisa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba kugeuza kichwa kidogo ndiko hutatua fumbo hilo. Basi geuza kichwa. Kama baada ya kugeuza bado hujui, shuku kitu kimoja hasa: hesabu imefanyika mara mbili. Gemu limeshaweka sauti mahali pake, kisha Windows Sonic kwenye kompyuta, au programu iliyokuja na visikilizi ikijiita ya mzunguko (surround), inaichukua na kuiweka upya. Ni kama kutia sukari chai iliyokwisha kutiwa sukari. Zima zote, uache gemu peke yake.

Juu na chini ndiko visikilizi duni hukamatwa. Kama kushoto na kulia ni sawa lakini ndege anayepita juu anasikika kana kwamba yuko usawa wa pua, visikilizi vyako pengine vimefifisha sauti za juu, au besi yake imevimba mpaka inazifunika. Ndiyo sababu siwashauri watu kununua kwa kuvutiwa na maneno "besi ya ziada" kwenye boksi. Hata hivyo, kuwa na haki: masikio yako yakitofautiana sana na ya wastani, hata visikilizi bora vitashindwa kidogo hapo.

Unakata, kisha unasikia

Cheza Beat Saber, gemu la kukata maboksi kwa mapigo ya muziki, kwa visikilizi vya Bluetooth na utaelewa. Upanga unapita, boksi linakatika, na sauti inakuja baadaye kama mgeni aliyechelewa harusini.

Bluetooth hukunja sauti, huituma, huikunjua na huihifadhi kidogo ili isikatike. Kwa mfumo wa kawaida wa kukunja sauti, uitwao SBC, safari hiyo huchukua mara nyingi milisekunde 150 hadi 250. Kwenye televisheni, mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unasema mtazamaji huanza kugundua sauti iliyochelewa kwa milisekunde 125 hivi. Kwenye gemu la mapigo huna subira hiyo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500. Ukichelewa 200, umekaribia kuangukia katikati ya mapigo mawili.

Jipime bila gemu pia. Bonyeza kitufe kwenye menyu ya miwani, usikilize mlio wake. Vua visikilizi, bonyeza tena kwa spika za miwani. Tofauti itajisema.

Beat Saber ina mpangilio wa kufidia ucheleweshaji, nao husaidia muziki uende sawa na maboksi. Ila usitarajie miujiza. Muziki unaweza kutangulizwa kwa kuwa gemu linajua pigo lijalo. Mlio wa upanga hauwezi, kwa sababu gemu halijui utapiga lini.

Tiba ya kweli ni waya, au visikilizi visivyo na waya vyenye kipokezi chao cha USB-C cha masafa ya gigahezi 2.4, ambavyo huchelewa kidogo sana kuliko Bluetooth. Kwa waya, jua miwani yako kwanza. Quest 2 na Quest 3 zina tundu la milimita 3.5. Quest 3S ya mwaka 2024 haina, wala Pico 4 haina, kwa hiyo utapitia USB-C. Chagua kibadilishi chenye chipu yake ya sauti ndani. Vile visivyo na chipu hufanya kazi kwenye baadhi ya simu tu, na ukivichomeka kwenye miwani ukakuta kimya, usiseme miwani imekufa.

Kwa kutazama filamu umekaa, Bluetooth inatosha kabisa, maana programu nyingi za video huchelewesha picha ilingane na sauti. Sitaki mtu atupe visikilizi vyake vizuri kwa ajili ya Beat Saber peke yake.

Ukiwasha maikrofoni, sauti inageuka simu ya kijijini

Hii huwapata wanaounganisha miwani na kompyuta wakitumia hedifoni ya Bluetooth. Muziki ni mzuri, rafiki anaingia kwenye mazungumzo, ghafla kila kitu ni kifinyu na upande wa kushoto na wa kulia vimekuwa kimoja. Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba sauti bora ya pande mbili na maikrofoni kwa wakati mmoja, hivyo huhamia hali ya simu, yenye sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100 au 48,000. Chagua maikrofoni ya miwani yenyewe kwenye mipangilio ya sauti, hedifoni ibaki kusikilizia tu. Sauti nzuri inarudi papo hapo.

Mvumo, mluzi na ngurumo

Shhh ya chini isiyobadilika hata gemu likinyamaza hutoka kwenye kikuza sauti cha miwani. Visikilizi vyepesi kuendeshwa, vya ohm 16 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) vyenye usikivu mkubwa, huifichua. Vya ohm 32 au zaidi huificha. Ukiisikia tu usiku chumba kikiwa kimya, isahau.

Mvumo wa mmm unaoanza ukichomeka chaja au waya wa kompyuta ni umeme unaozunguka kupitia waya huo. Chomoa chaja, utumie pawabenki mfukoni. Mvumo ukinyamaza, chaja ndiyo mhalifu.

Ngurumo za du-du-du unapogeuza kichwa si umeme hata kidogo, ni waya unaosuguana na mkanda au shati. Visikilizi vya kawaida vina waya wa mita 1.2 hivi, uliokusudiwa kufika mfukoni, wakati tundu la miwani liko sentimita chache kutoka sikioni. Kunja ziada, ifunge kwa kamba ya viatu au kibanio nyuma ya mkanda, upitishe waya juu ya sikio kisha ushuke. Ndiyo sababu visikilizi vya VR vyenye waya mfupi vipo. Logitech ilitoa G333 VR kwa ajili ya Quest 2, na PlayStation VR2 huja na vyake vinavyokaa nyuma ya mkanda. Unalipia waya mfupi kuliko sauti, na wakati mwingine ni halali kabisa kulipia.

Sauti iko chini hata ukifungua mpaka mwisho

Hedifoni za studio za ohm 250 au 300 hazikutengenezwa kwa kikuza kidogo cha miwani. Zitalia kama zinaomba radhi. Kwa miwani kaa kwenye ohm 16 hadi 60 hivi. Koss KSC75, zinazoning'inia sikioni na kupendwa na wanaojiundia vifaa vya VR, zina ohm 60 na hutosha.

Lakini kabla ya kulaumu ohm, rudi kwenye mipira. Upenyo hupunguza nguvu ya sauti pia, na mtu hujikuta akifungua hadi mwisho ili kufidia besi iliyotoroka, huku sauti za katikati zikimchoma. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Ukivua miwani ukasikia mluzi masikioni, umezidisha.

"S" zinachoma

Msomaji wa habari akisema "sasa saa sita" na kila s ikakuchoma, jaribu kwanza kubadilisha kidogo kina ambacho visikilizi vimeingia sikioni au kubadilisha mipira ya silikoni kwa ya sponji, inayomeza sehemu ya ukali huo. Vikiendelea kuchoma kwenye simu pia, kwa nyimbo tofauti, hapo ndipo nakubali: ni tabia ya visikilizi vyenyewe. Unaweza kupunguza kwa kisawazisha, ila kumbuka sauti hizo za juu ndizo zinazokwambia ndege yuko juu. Punguza kidogo, urudi ukafanye tena kipimo cha redio.

Nasikia kupumua kwangu

Mwisho kabisa kuna wanaolalamika kwamba wakirukaruka ndani ya gemu wanasikia nyayo zao zikigonga ndani ya fuvu, na pumzi kama ya mbuzi aliyekimbizwa. Kuziba sikio kule kule kunakoleta besi ndiko kunakofungia sauti za mwili wako ndani. Hakuna kilichoharibika, na hakuna mpira utakaotibu bila kukuondolea besi. Kampuni ya Valve ilipotengeneza miwani yake ya VR ya Index ya mwaka 2019 iliweka spika ndogo zinazoning'inia pembeni ya sikio bila kuligusa, na raha yake nyingine ni kwamba sauti hupita kwenye mikunjo ya sikio lako mwenyewe. Mpwa wangu, ambaye hucheza mchezo wa ngumi kila jioni, hatimaye alirudi kwenye spika za miwani kwa ngumi na kuweka visikilizi kwa michezo ya kujificha. Mama yake ndiye anayelalamika sasa, maana ngumi anazisikia mpaka jikoni.